Darasa la majadiliano barazani: mwongozo wa wiki saba kwa wanaoanza

Kila kikundi kinachotaka kuanza darasa la kujadili mazingira ya nyumbani hapa Tanga, kiwe cha Makorora, Sahare au Mwambani, huja na maswali yaleyale. Mtaalamu tutampata wapi? Kibali kinatolewa na nani? Posho ni kiasi gani? Tutasoma nini? Majibu mafupi ni haya: mtaalamu humhitaji, kibali huombi ila taarifa utatoa, posho hakuna, na cha kusoma ni karatasi moja kwa wiki. Majibu marefu yako hapa chini.

Darasa la majadiliano ni watu wanane hadi kumi na wawili wanaokutana mara moja kwa wiki, saa moja na nusu, kwa wiki saba. Wanazungumza jinsi wanavyopika, wanavyotumia maji, wanavyotupa taka na wanavyonunua vitu, na kila mmoja anaondoka na jambo moja la kujaribu nyumbani kwake kabla ya kurudi. Mwalimu hakuna. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi, maana sisi tumezoea semina: meza mbele, mgeni rasmi, maji ya chupa, makofi.

Mtindo wenyewe si wa jana. Sweden wamekuwa na duru za masomo tangu 1902, Oscar Olsson alipoanzisha ya kwanza mjini Lund. Mwaka 1993, mjini Portland, Oregon, Dick na Jeanne Roy walianzisha Northwest Earth Institute, iliyoeneza madarasa ya namna hii kuhusu maisha yasiyoharibu mazingira: kundi dogo la kazini, kanisani au mtaani, makala inasomwa kabla, na mwongozaji anabadilika kila wiki. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Muulize mzee yeyote aliyekuwa mtu mzima mwaka 1973 habari za kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilisikilizwa kwa pamoja, kijitabu kikasomwa kwa sauti, watu wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Walishiriki watu wapatao milioni 2. Pale hakikosekani cha kuiga: mjadala ulimalizikia kwenye jembe. Nadharia inatosha.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Baraza pana au ua wenye kivuli, na majamvi ya kutosha. Ofisi ya serikali ya mtaa ikwepe ukiweza. Watu wakikaa pale huanza kusema kwa lugha ya mkutano wa hadhara.
- Mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Ya kuazima inatosha.
- Sado moja, ndoo ya lita 20 na kopo la lita moja.
- Gunia kuukuu la kutandika.
- Kauntabuku moja la kikundi na kalamu mbili.
- Kipepeo cha ukili. Matumizi yake utayaona hatua ya 6.
- Kahawa au chai, na kashata au muhogo wa kuchemsha. Changeni kidogo kidogo, shilingi 500 kwa kila mtu kwa mkutano, na anayekosa asiulizwe.
- Karatasi saba za kusoma, moja kwa kila wiki, nakala tatu au nne. Kila mtu na nakala yake ni gharama isiyo na sababu, kwa kuwa mtasoma kwa sauti.

Hatua ya 1: Pata mwenzako mmoja

Usianze peke yako. Tafuta mtu mmoja anayeaminika mtaani ambaye si wa aina yako. Kama wewe ni mwalimu, mtafute mama lishe. Kama wewe ni kijana, mtafute mtu mzima ambaye akipiga hodi mlango unafunguliwa. Ninyi wawili ndio mtakaoandaa karatasi na kushika wiki mbili za kwanza, baada ya hapo usukani unapita mkono kwa mkono.

Hatua ya 2: Toa taarifa mtaani

Nendeni wote wawili kwa mwenyekiti wa mtaa, na kwa balozi wa nyumba kumi kama bado anasikilizwa kwenu. Mweleze ni majirani wachache watakaokutana barazani kwa fulani, siku fulani, saa fulani, kwa wiki saba, wakizungumzia mkaa, maji na taka. Mpe ratiba kwenye karatasi. Mkaribishe aje kama mkazi.

*Angalizo:* usitamke neno "mradi". Ukishalitamka, taarifa itafika mtaa wa pili kwamba kuna fedha zimeletwa, na wiki ya kwanza utapokea watu arobaini, wiki ya pili watatu.

Hatua ya 3: Chagua watu, usitangaze

Tangazo la kipaza sauti linaleta umati. Wewe unataka mchanganyiko, kwa hiyo pita nyumba kwa nyumba. Kundi zuri la Ngamiani linaweza kuwa na fundi baiskeli, dereva wa bodaboda, mama anayechoma mihogo, mstaafu wa bandari, binti aliyemaliza kidato cha nne, mwalimu wa madrasa, mama wa kwaya na mtu anayeuza duka la rejareja. Huyo wa dukani usimwache. Ndiye anayejua mtaa mzima unanunua nini na kwa vipimo gani.

Mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, wasitoke wote kwenye kikoba kimoja. Wataingia kwenye habari za marejesho kabla kahawa haijapoa. Pili, usimweke mkwe na mkwewe kundi moja: yule mdogo hatafungua mdomo wiki zote saba, na anajua mengi kuliko wote kuhusu jiko la nyumba ile. Tatu, waambie mapema kwamba hakuna posho, hakuna fulana, hakuna picha ya pamoja na mgeni. Atakayekataa kwa sababu hiyo umempunguzia safari.

Hatua ya 4: Panga siku na saa

Saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili jioni ndiyo saa yetu. Watu wameshaswali alasiri, jua limelegea, na magharibi inawakuta wamefika makwao. Ijumaa na Jumapili ziache. Jumamosi ni siku ya shughuli, harusi na nyinginezo. Jumanne au Jumatano hazina mwenyewe.

Angalia kalenda kabla ya kutangaza tarehe ya kwanza. Wiki saba zisikatwe na Ramadhani, na kama baraza lenu halina paa la maana usianze katikati ya masika, Machi hadi Mei. Darasa lililokatika wiki ya nne halirudi.

Hatua ya 5: Andaa karatasi saba

Kila karatasi iwe na kurasa mbili zenye maneno machache: habari fupi ya jambo lenyewe, kisha maswali matatu au manne. Usipakue maandishi marefu ya kitaalamu. Andika kama unavyomweleza shemeji yako. Mpangilio unaofanya kazi kwetu ni huu:

Wiki ya 1, taka za siku moja. Wiki ya 2, mkaa, kuni na gesi. Wiki ya 3, maji. Wiki ya 4, samaki na chakula. Wiki ya 5, safari: baiskeli, bajaji, bodaboda. Wiki ya 6, shughuli na sare. Wiki ya 7, hesabu na maamuzi.

Mabadiliko ya tabianchi hayakupewa wiki yake, kwa makusudi. Yatajitokeza yenyewe mvua za vuli zitakapotajwa, na yakijitokeza yenyewe yanazungumzwa na watu walioyaona. Ukiyaweka wiki ya kwanza yanazungumzwa na aliyesikiliza taarifa ya habari.

Kazi kubwa iko kwenye maswali. Swali kama "Kwa nini tutunze mazingira?" linazaa hotuba. Kila mtu ana jibu lake la shuleni na hakuna anayejifunza kitu. Uliza hivi: "Wiki hii mkaa umekula shilingi ngapi nyumbani kwako?" "Mara ya mwisho kumwaga chakula ilikuwa lini, na kilikuwa chakula gani?" "Bomba la nje likikatika saa hizi, ndoo zilizopo zitafika kesho saa ngapi?" Swali zuri ni lile ambalo mtu akilijibu anabaki anatazama juu akipiga hesabu.

Hatua ya 6: Mkutano wa kwanza, mwaga taka

Waambie kila mmoja aje na taka za nyumbani kwake za siku moja, kwenye ndoo. Rambo limepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, tusianze darasa kwa kuvunja sheria. Nepi na taulo za hedhi zibaki nyumbani.

Tandika gunia uani, wote wamwage pamoja ili isijulikane ya nani ni ipi. Hilo ni la lazima. Aibu ikishaingia mtu harudi. Kisha gaweni mafungu manne: maganda na mabaki ya chakula, plastiki, karatasi na maboksi, mengineyo. Kabla ya kupima, kila mmoja akisie fungu lipi lina uzito mkubwa. Wengi watasema plastiki, kwa sababu ndiyo inayoonekana mtaroni. Ning'iniza mizani. Maganda ya ndizi, makumbi ya nazi, machicha na ukoko ndivyo vitakavyoivuta sindano chini. Sehemu kubwa ya taka za nyumba zetu ni vitu vinavyooza, na vingeweza kuishia kwenye shimo la mboji chini ya mgomba badala ya kusubiri gari. Makumbi na vifuu vilivyokauka vinarudi jikoni kuwashia moto, kama bibi zetu walivyofanya.

Sasa tungeni kanuni. Kanuni moja inatosha siku hiyo: anayeshika kipepeo ndiye anayesema. Kinazunguka kutoka kulia. Asiyetaka kusema anajipepea kidogo, anapitisha. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini nimeona wazee waliozoea kukatiza watu wakinyamaza kwa sababu tu mkono wao mtupu.

Hatua ya 7: Mkutano wa kawaida, dakika kwa dakika

Kuanzia wiki ya pili fuateni mpango huu:

- Dakika 10, kufungua. Salamu, dua fupi, kisha mtu mmoja aliyepangiwa wiki iliyopita analeta kitu na kukieleza. Jani la mkonge ni mfano mzuri: katika jani zima, asilimia 4 hivi tu ndiyo inayokuwa singa, yaani nyuzi, mengine yote ni maji na makapi. Pale Hale, mkoani humu, waliwahi kujenga mtambo wa kugeuza makapi hayo kuwa gesi na umeme.
- Dakika 15, ripoti. Kila mtu anasema alijaribu nini na ikawaje. "Nilisahau" ni ripoti halali.
- Dakika 10, kusoma kwa sauti. Wapokezane wenye kupenda kusoma.
- Dakika 40, maswali.
- Dakika 10, ahadi. Kila mmoja jambo moja, dogo, linaloweza kukamilika ndani ya siku saba. Linaandikwa kwenye kauntabuku.
- Dakika 5, kufunga na kumtaja mwongozaji wa wiki ijayo.

Kazi ya mwongozaji ni mbili: kutazama saa na kurudisha swali kwa kundi. Akiulizwa "Wewe unaonaje?", anajibu, "Tumsikie kwanza mama aliyekaa pale." Mwongozaji anayejibu kila kitu amekuwa mwalimu, na watu wataanza kumwandikia majibu ya kumfurahisha.

*Angalizo:* usimpe mtu karatasi asome bila kumwuliza. "Miwani nimeisahau" mara nyingi maana yake ni nyingine, na mtu mzima hapaswi kufikishwa hapo mbele ya majirani.

Hatua ya 8: Wiki ya mkaa, fanyeni kwa macho

Wiki hii ikifanywa vizuri inabeba darasa zima, kwa hiyo nitaieleza polepole.

Usiku wa kuamkia mkutano, mwenye nyumba aloweke nusu kilo ya maharage. Nusu kilo nyingine ya maharage yaleyale ibaki kavu. Mchana, mnamo saa sita, wasaidizi wawili wapime mkaa kilo moja kwa mizani, mara mbili, kwenye majiko mawili yanayofanana. Sufuria mbili za ukubwa mmoja, zote na mifuniko. Maji ya kulowekea yamwagwe, yawekwe mengine, kiasi sawa kwenye sufuria zote mbili. Majiko yakae nje, yawashwe pamoja.

Maharage ya sufuria moja yakiiva, yaipueni, chukueni makaa yaliyobaki kwa koleo, yatieni kwenye ndoo ya bati na kufunika vizuri yakose hewa hadi yazime. Msimwagie maji, mkaa wenye maji utadanganya mizani. Yakipoa, pimeni. Andikeni saa na uzito. Subirini sufuria ya pili, mfanye vivyo hivyo.

Wasiwaambie watu matokeo. Watu wafike saa kumi na nusu wakute marundo mawili ya makaa yaliyobaki, kila moja juu ya gazeti, na maharage mezani. Mama yeyote atayaelewa marundo yale kabla hujasema neno. Hapo ndipo mtu wa duka anapohitajika: sado ya mkaa ni bei gani leo, tofauti hii ni sehemu gani ya sado, kwa mwezi inakuwa shilingi ngapi? Hesabu ifanywe na wao, kwa bei yao.

Baada ya fedha, ndipo miti. Kwenye tanuri la kienyeji, kilo moja ya mkaa hutokana na kilo tano hadi kumi za kuni. Kwa hiyo kila gramu iliyobaki kwenye gazeti lile izidisheni. Halafu waulizwe: mkaa unaouzwa mtaani kwetu unatoka wapi? Mmoja apewe kazi ya kumwuliza muuzaji na kurudi na jibu wiki ijayo.

Habari ya gesi itazuka, na iacheni izuke. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, kwa hiyo matangazo watu wameyasikia. Ambalo matangazo hayasemi ni hili ambalo kila mama barazani atalisema: mkaa unanunuliwa kwa kopo, gesi inajazwa kwa mtungi. Anayepata fedha ya siku hawezi kulipa ya mwezi kwa mkupuo, hata kama mwisho wa hesabu gesi ingemtoka nafuu. Msiishie kulalamika hapo. Kundi linaweza kuanzisha upatu wa kujaza mitungi, au kila mmoja akaweka kibubu cha gesi anachotia kiasi kilekile cha kopo alichookoa. Ni jambo ambalo halikuja na mtaalamu yeyote. Linatoka kwenye desturi tuliyo nayo tayari.

*Angalizo kubwa:* jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha, hata makaa yakionekana yamefifia. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Lisemeni mbele ya wote wiki hii.

Hatua ya 9: Wiki za maji, samaki na safari

Hizi hazina taabu. Kwa maji, waambie watu kwamba kinachotoka bombani Tanga ni maji ya Mto Zigi yaliyokusanywa Bwawa la Mabayani, na mto wenyewe unashuka kutoka milima ya Usambara Mashariki, upande wa Amani. Mwenye kulima kule juu na mwenye kuoga Chumbageni, huku mjini, wanatumia mto mmoja. Kisha zoezi: weka kopo chini ya bomba linalovuja kwa dakika 10, pima, zidisha kwa 144 upate ya siku nzima. Robo lita tu inakuwa lita 36, karibu ndoo mbili kubwa. Fundi bomba atapata kazi wiki hiyo.

Kwa samaki, kama mna mvuvi, mwacheni aongee. Hifadhi ya bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale wa kina kirefu, ilitangazwa 2009 kwenye pwani hii, na kila mtu ana maoni kuihusu. Zungumzeni ukubwa wa samaki mnaonunua, nyavu za macho madogo, na hasara ya baruti kwenye matumbawe. *Msitaje majina ya watu.* Baraza likishakuwa mahali pa kushitakiana, limekufa.

Wiki ya safari ni ya kicheko zaidi. Mji huu umejaa baiskeli na ardhi yake ni tambarare. Swali moja linatosha: kwa nini kijana akipata fedha ya kwanza anaacha baiskeli ya baba yake?

Hatua ya 10: Wiki ya shughuli, shika kwa mikono miwili

Ukitaka kujua kama kundi limeaminiana, angalia wiki hii. Tunaweza kulaumu viwanda mpaka kesho, lakini fulushi la madera yaliyovaliwa mara moja liko kabatini kwetu wenyewe. Sare ya harusi ya shangazi, sare ya kumtoa mwali, sare ya arobaini, sare ya mkesha. Kila moja ina fundi wake, mkopo wake na kisa chake.

Anzeni kwa kuhesabu. Kila mtu aje na idadi ya sare alizo nazo na idadi alizovaa zaidi ya mara moja. Wanaume nao wasijifiche, wana kanzu na mashati ya vitenge. Kisha swali la pili, ambalo ni zito: asiyekuwa na sare anakaa wapi siku ya shughuli? Jibu mnalijua. Kwa hiyo msiseme sare ni upuuzi. Sare ni heshima, ni njia ya kusema "mimi ni wao", na mjadala unaoidharau utawapoteza akina mama wote kwa dakika moja. Tafuteni jinsi ya kubaki na heshima bila kitambaa kipya. Njia mojawapo ni kutangaza rangi badala ya kitambaa: wote waje na kijani, iwe dera la zamani, iwe kanga, iwe mtandio tu.

Upande wa chakula, hatuhitaji kujifunza kwa mtu. Pilau likiliwa kwenye sinia, watu wanne kwa sinia, hakuna sahani ya kutupa hata moja. Masinia bado yapo, yamejaa vumbi juu ya makabati. Kinachojaza taka siku hizi ni chupa ndogo za maji na vifungashio vya kumpa mgeni chakula cha kwenda nacho. Ndoo yenye mfuniko na koki, pamoja na vikombe vya kukodi, inafanya kazi ileile, mradi awepo mtu wa kuviosha. Mjadala halisi hapo ni nani ataosha, na wanaume wapewe kipepeo kwanza.

*Angalizo:* kama mmoja wenu ana harusi ndani ya mwezi huo, badilisheni wiki hii na nyingine. Ataamini darasa zima limepangwa kwa ajili yake.

Hatua ya 11: Wiki ya saba, hesabu na kufunga

Fungueni kauntabuku. Kila mmoja asomewe ahadi zake na aseme ipi bado inaendelea. Ikiwa imebaki moja kati ya sita, si haba. Kisha kundi lichague jambo moja la pamoja: shimo la mboji la nyumba tatu, upatu wa gesi, au masinia ya kuazimana. Wekeni tarehe ya kukutana tena baada ya miezi mitatu, na wapatikane wawili watakaoanzisha darasa jipya mtaa wa jirani kwa karatasi hizihizi.

Msikimbilie kusajili kikundi, kuchonga mhuri na kuchagua mweka hazina. Mkishakuwa na mhuri mtaanza kutafuta kazi ya kuupa.

Mambo yakikwama

*Mtu mmoja anasema peke yake.* Kipepeo kikishindwa, mpe ukatibu. Anayeandika hawezi kuongea mfululizo.

*Akina mama wamenyamaza mbele ya wanaume.* Dakika 40 za maswali zigaweni: robo saa vikundi viwili, wake kwao na waume kwao, kisha mmoja wa kila upande alete ya wenzake. Msilazimishe mtu mmoja mmoja.

*Watu wamepungua wiki ya tatu.* Ni kawaida. Mwenzako apite kuwajulia hali, asiwaulize kwa nini hawakuja. Mkibaki sita endeleeni. Mkibaki wanne, simamisheni na muanze upya msimu mwingine.

*Mjadala umegeuka lawama: gari la taka halipiti, mtaro umeziba.* Lawama zina haki yake. Tengeni ukurasa wa nyuma wa kauntabuku, yaandikeni hapo kwa tarehe, na ukurasa huo upelekwe kwenye mkutano wa mtaa na watu wawili. Halafu rudini kwenye yaliyo mikononi mwenu.

*Mtu anasema hayo yote ni mapenzi ya Mungu, hatuna la kufanya.* Usibishane naye. Mwombe ustadhi au mzee wa kanisa aliyemo aeleze habari ya israfu, yaani ufujaji, kisha mwendelee.

*Swali limekosa mwenye jibu.* Liandikwe, mtu mmoja ajitolee kulifuatilia. Mwongozaji asibuni jibu ili kulinda heshima yake.

*Mtu haji na ripoti wiki hadi wiki.* Ahadi zake ni kubwa mno. Aliyeahidi kuacha mkaa, mwombeni aahidi kufunika sufuria.

*Mgombea au mfadhili anataka kuja kuwasalimia.* Mwambieni karibu, akae jamvini, apokee kipepeo zamu yake ikifika, kama wengine. Wengi hawatarudi.

*Watoto wanavuruga.* Wapeni mizani na vifuu vya nazi wapime uani. Mkubwa wao aandike uzito kwenye karatasi, na dakika tano za mwisho asome.